Mtani Alipoondoka na Bunduki ya Marehemu

Wajukuu zangu wawili wanasoma chuo hapa Dodoma, na kila Jumapili wanakuja kwangu Ipagala kula, wakifuatana na wenzao ambao nimeshaacha kuwahesabu. Jumapili iliyopita walikuwa sebuleni wakiangalia kwenye simu habari ya mtu aliyeingia dukani na bunduki huko Marekani. Mmoja akasema dawa ni kila mtu awe na ya kwake. Mwingine akasema dawa ni kuzikusanya zote duniani na kuziyeyusha. Wakapandishiana sauti mpaka wali ukapoa. Mwishowe mjukuu wangu akanigeukia: "Bibi, wewe umeshika bunduki kuliko sisi tulivyoshika kalamu. Hebu tuamulie."

Nikawaambia wale kwanza. Haya ninayoandika ndiyo niliyowasimulia baada ya vyombo kuondolewa, na nawaandikia na ninyi wengine, hasa mliovaa sare juzijuzi mkadhani kazi ya silaha ni kulenga shabaha.

Mimi ni Stafu Sajenti mstaafu, Zuhura, Mrangi wa milima ya Kondoa. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeitumia Dodoma, kwenye ghala la silaha na kwenye dawati la bunduki za raia. Sikuruka ukuta wala kukimbizana na majambazi. Kazi yangu ilikuwa kujua bunduki fulani iko wapi, iko kwa nani, na kama huyo mtu bado ana akili zake. Ni kazi ya mafuta na vitambaa, na ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea, ndiyo maana hamjawahi kuisikia ikisimuliwa.

Aliyenifundisha alikuwa Sajenti Mapunda, Mngoni mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuamshia kambi. Siku yangu ya kwanza ghalani aliweka bunduki mezani akaniuliza kama ina risasi. Nikamjibu haina, kwa sababu nilimwona koplo akitoa risasi muda uleule.

"Kwa hiyo umeamini macho ya koplo," akasema.

Akaichukua, akaifungua, akachungulia, akaingiza kidole pale risasi inapokaa, halafu akanigeuzia na mimi nichungulie. Akaiweka chini. Akanywa chai mafunda mawili, akaichukua tena na kuanza upya: kufungua, kuchungulia, kidole, kunionyesha. Nikadhani mzee wa watu ana matatizo.

"Afande, si umeiangalia sasa hivi?"

"Niliiangalia kabla ya chai," akanijibu. "Sasa ni baada ya chai."

Tulimcheka sana. Lakini miaka yote aliyokaa ghalani hakuna ukuta uliotobolewa wala mguu uliopotea, na nilipokabidhiwa funguo zake nilijikuta nafanya vilevile, mpaka vijana wa chini yangu nao wakapata cha kucheka. Kwa hiyo hilo lishikeni. Bunduki hamuulizi mtu kama ina risasi. Mnaifungua wenyewe, na mkishaona, mnamwonyesha aliye karibu nanyi.

Siku za ukaguzi wa bunduki za raia zilikuwa sikukuu kwangu. Wenye leseni walitoka vijijini kuzileta tuzione. Watu waliona haya kutembea nazo wazi, kwa hiyo zilikuja zimefichwa kila namna: ndani ya mkeka, ndani ya gunia la karanga, na moja ilikuja ndani ya mguu wa suruali uliofungwa kamba juu na chini. Aliyewashinda wote ni Mzee Danieli Ndahani wa upande wa Chamwino, Mgogo mrefu, mkulima wa uwele na mzee wa kanisa. Alikuwa na bunduki ya marisau, ile ya mitutu miwili inayokunjwa katikati, kwa ajili ya nguruwe pori na nyani waliomsumbua shambani. Aliona aibu kupanda nayo basi. Akaifunga mgongoni kwa mkewe, Bi Foibe, kwa mbeleko kama mtoto, na kanga juu yake. Kondakta akamtafutia mama siti. Abiria wakamsifu mtoto kwa utulivu. Mama mmoja akauliza mbona miguu ya mtoto mirefu hivyo, na Bi Foibe, bila kupepesa jicho, akajibu, "Wagogo ndivyo tunavyozaa."

Nilimgombeza Mzee Ndahani mpaka koo likakauka. Nikamweleza kifungu cha sheria, nikamweleza gereza linavyonuka. Halafu nikaenda nyuma ya ghala nikacheka peke yangu hadi machozi. Tangu siku hiyo tukawa kama ndugu. Kila mavuno aliniletea unga wa uwele, na kila ukaguzi nilimuuliza, "Mtoto hajambo?"

Sasa turudi kwenye ubishi wa Jumapili. Kabla sijastaafu nilipelekwa kozi ya utunzaji wa silaha huko Ulaya. Darasani tulikuwa askari wa mataifa mbalimbali, na jioni tulikaa kwenye chumba cha chai tukipimana. Ninyi mkikutana mnaulizana timu za mpira. Sisi tulikuwa na swali letu, lililoanzishwa na Mjapani mmoja mpole: kwenu, mwenye bunduki akifa, bunduki inakwenda wapi?

Yeye alianza. Kwao raia akitaka bunduki ya kuwindia anafanya mtihani, analeta karatasi ya daktari, polisi wanakwenda kuona kabati itakamofungiwa, na risasi zinafungiwa mahali pengine. Wanaweza hata kuwauliza majirani huyu mtu ni wa namna gani. Akifa, familia haina ruhusa ya kukaa nayo hivihivi. Mswisi akasema kwao wanaume wengi wana bunduki ya jeshi kabatini, pembeni ya makoti ya baridi, na mtu akimaliza utumishi anaweza kuomba abaki nayo. Nikamuuliza mbona basi hamuibiani kwa bunduki kila siku? Akafikiri, akasema hajui vizuri, labda kwa sababu wamefundishwa wote kwa pamoja, na labda kwa sababu wameshiba. Nilimpenda kwa jibu hilo, maana wataalamu wa kwenye simu huwa hawasemi kwamba hawajui.

Mmarekani, jitu kubwa lenye masharubu, lenye ucheshi na lililonionyesha picha za mabinti zake siku ya kwanza, akasema kwao hakuna jibu moja, kila jimbo lina sheria zake. Kwenye jimbo lake bunduki ya baba huenda kwa mtoto kama saa ya ukutani. Polisi hawana habari. "Ndiyo maana," akasema, "nikisimamisha gari, hata la bibi kizee, mkono wangu unakuwa kiunoni. Kila mlango ninaousogelea nahesabu kwamba kuna bunduki nyuma yake." Alilisema taratibu, bila majigambo, na nikaona kwamba mtu huyu amechoka.

Mimi nilikuwa nimeona na upande mwingine. Nilishakwenda Sudan na kikosi cha kulinda amani, na huko nilikuta kijana anachunga mbuzi na bunduki ya kivita begani, kama mchungaji wa kwetu anavyobeba fimbo. Baba akifa, bunduki haipoi, mwana anaiokota palepale. Bunduki nyingi Uswisi na watu wamelala usingizi. Bunduki nyingi kule na watu wanalala msituni. Nikasema hapo ndipo wenye majibu ya haraka wanashindwa kunishawishi.

Zamu yangu ilipofika nikajinyoosha kwenye kiti. Kwetu, nikasema kwa maringo, mwenye bunduki akifa, bunduki inarudi polisi, inakaa ghalani mpaka mrithi aombe leseni yake mwenyewe.

Mmarekani akaniuliza, "Nani anaileta?"

"Familia."

"Na wasipoileta?"

"Wanaileta."

Akacheka kidogo. Nilinuna hadi kesho yake.

Sasa ndiyo niwaambie kilichotokea kwa bunduki ya Mzee Ndahani, mwaka wangu wa mwisho kazini.

Mzee aliugua muda mrefu, akafariki nyumbani. Mimi nina desturi moja, na niliwafundisha vijana wangu: usimwingilie mwenye msiba kudai bunduki kabla marehemu hajazikwa. Ni aibu, na familia ukiivunjia heshima siku hiyo haitakuambia ukweli siku nyingine. Basi wakazika, na kesho yake asubuhi nikachukua gari la kituo na dereva, tukaenda Chamwino kutoa pole na kuichukua. Nilikuta turubai bado limefungwa, wanawake wanapepeta, wazee wamekaa. "Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo changu cha kuokoteza, wakaitikia kwa furaha. Nikampa pole Bi Foibe, nikalia naye, maana nilimpenda mumewe. Halafu nikamwita pembeni mtoto wao mkubwa, Yona, mwalimu wa shule ya msingi.

"Mwanangu, ile bunduki ya mzee iko wapi?"

"Imechukuliwa, mama."

"Na nani?"

"Na mtani." Akacheka, na wazee waliotusikia nao wakacheka.

Ninyi wa mjini mnaujua utani wa kurushiana maneno. Msibani una kazi kubwa zaidi. Mtani ndiye anayekuja kuvaa kofia ya marehemu, kutembea kama yeye, kukohoa kama yeye, mpaka watu waliokaukiwa machozi wacheke. Na akipenda kitu cha marehemu anakichukua. Mtani hazuiwi wala hakasirikiwi. Mtani wa Mzee Ndahani alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi mwenye duka la mchele Majengo, rafiki yake tangu ujana wao. Asubuhi ile aliigiza mwendo wa marehemu, akaigiza anavyosali kanisani huku anasinzia, watu wakavunjika mbavu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bunduki begani. Akatangaza: "Enyi Wagogo! Mababu zetu walipita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani, mkawatoza hongo kwa kila kata ya maji. Leo najilipa!" Akaifunga kwenye mkeka, akapanda bodaboda, na wanawake wakamsindikiza kwa vigelegele.

Wazee wa kanisa, mwalimu wa shule na balozi wa nyumba kumi, wote walikuwepo, wote wanaijua sheria, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Kwao kilichoondoka hakikuwa silaha, ilikuwa zamu ya mtani. Na kama mngekuwepo, na ninyi mngepiga makofi.

"Ina risasi?" nikamuuliza Bi Foibe.

Akaweka mkono mdomoni. "Nguruwe walipoanza kuingia kwenye uwele aliweka mbili. Halafu akaugua. Hakuna aliyeigusa tena."

Nikawaza ile bunduki inarushwarushwa kwenye bodaboda, nikawaza duka la mchele, wapagazi, wateja, wajukuu wa Mzee Maganga wanaoshinda pale dukani. Nikageukia gari. Bi Foibe akanishika mkono.

"Zuhura, ukienda peke yako hatakupa. Wewe si mtani wake. Alichochukua mtani anakikomboa mwenye msiba. Mchukue Yona."

Nilitaka kumwambia mimi ni askari, nikidai napewa. Lakini Bi Foibe ndiye aliyebeba ile bunduki mgongoni hadi mjini bila basi zima kujua, na mtu wa namna hiyo anasikilizwa. Nikamwingiza Yona kwenye gari.

Hatujafika mbali, mkuu wa kituo akapiga simu. "Afande Zuhura, uko wapi? Kuna mtu ana bunduki sokoni Majengo. Raia wanasema jambazi. Nimeshatuma vijana."

"Mkuu, huyo si jambazi! Huyo ni mtani!"

"Mtani wa nani?"

"Wa marehemu!"

Mkuu wetu alikuwa mtu wa Iringa, Mhehe, na Wahehe na Wagogo wanajuana vizuri sana kwa mambo haya. Nilimsikia akishusha pumzi. "Mungu wangu. Nawaita kwenye redio. Lakini wameshashuka kwenye gari, Zuhura. Kimbia."

Vijana, nimeshawahi kupita chini ya milio ya risasi Sudan, na sikuogopa kama nilivyoogopa kwenye ile lami ya kutoka Chamwino. Kule nilijua anayepiga anataka kuua. Hapa hakuna aliyetaka kumuua mtu. Palikuwa na mzee anayecheza mchezo wa msibani na askari watatu wanaoamini wamemkuta jambazi, na katikati yao risasi mbili ambazo mzee hakujua kama zipo. Yona alikuwa anasali kwa sauti, na dereva, ambaye ni Mwislamu kama mimi, anamwitikia amina.

Tulipoingia Majengo bajaji zilikuwa zimegeuza, watu wamejibana nyuma ya nguzo na magunia. Mzee Maganga alikuwa amekaa juu ya magunia ya mchele mbele ya duka lake, kofia ya marehemu kichwani, bunduki mapajani, mkono wa kulia umelala palepale kwenye kifyatulio, mitutu imeelekea kwa mama anayepika chapati. Alikuwa anasimulia. Alikuwa hajui kama soko limenyamaza kwa ajili yake. Hatua chache mbele yake amesimama Konstebo Furaha, kijana niliyemfundisha mwenyewe, bunduki yake imeinuliwa. Wenzake wawili wako pembeni.

Mzee akamwona askari. Akainuka nusu, na bunduki ikainuka naye.

Sikuwahi kumfundisha Furaha alichofanya, wala hakipo kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Alikuwa na sababu ya kufyatua, na sheria ingemlinda. Kijana akafungua mdomo akasema:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu!" Mzee Maganga akajibu, na kama alivyofanya maisha yake yote kijana akimwamkia, akanyoosha mkono wa kulia kumpa. Ule mkono ukatoka kwenye kifyatulio. "Hujambo? Mbona mnakuja na vita sokoni?"

Nikashuka garini bila kungoja lisimame. "Mzee Maganga! Hiyo bunduki ina risasi!"

"Ha! Afande! Ndahani afe aache risasi ndani? Wagogo wabahili, risasi alikwenda nazo!" Akacheka, akaikumbatia. "Na sikupi. Nimejilipa hongo ya mababu. Wewe Mrangi huna usemi hapa."

Furaha alinitazama. Nilimwashiria ashushe bunduki yake, akaishusha. Kumnyang'anya mzee ilikuwa rahisi na ilikuwa hatari, maana ukivuta bunduki iliyoshikwa na mtu mwingine hujui kidole chake kitakwenda wapi. Hilo nalo lishikeni. Nikamsukuma Yona mbele.

Yona akajikaza. "Mtani, nimekuja kukomboa. Taja."

Mzee Maganga akatulia. Hapo mchezo ulikuwa umefika panapostahili, na uso wake ukawa wa mtu mzima. "Nataka maji," akasema. "Kikombe kimoja. Ya bure. Mtoto wa Mgogo anipe Mnyamwezi maji bila hongo, apige magoti, niwaone mababu zangu wakicheka."

Mama wa chapati, yuleyule aliyekuwa akitazamana na mitutu, akachota maji kwenye ndoo yake, akampa Yona kikombe cha plastiki. Mwalimu Yona, na suruali yake nzuri ya msibani, akapiga magoti kwenye mchele uliomwagika, akakiinua kwa mikono miwili. "Karibu maji, mtani. Ya bure."

Nanyi mnajua, mzee mwenye adabu akipewa kitu kwa mikono miwili hakipokei kwa mkono mmoja. Mzee Maganga akailaza bunduki kando yake juu ya gunia, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea. Nikaivuta taratibu kwa nyuma, mitutu ikielekea chini, nikarudi hatua mbili, nikaikunja. Nikachungulia. Halafu nikamsogelea nikamgeuzia naye achungulie.

Zilikuwa mbili, nyekundu, zimekaa palepale Mzee Ndahani alipoziweka akiwangoja nguruwe.

Mzee Maganga alizitazama. Maji yakaanza kumwagika kikombeni, akashindwa kukifikisha mdomoni mpaka Yona akamshika mkono. Alipomaliza kunywa akasema kwa sauti ya chini, "Ndahani, mtani wangu, ungeniua." Kisha akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio. Mimi na Yona tukalia naye, na Furaha amesimama pembeni anajifuta uso kwa kofia ya sare. Sijawahi kuona soko zima likishusha pumzi kwa pamoja namna ile. Mama wa chapati akagawa chapati bila mtu kuomba.

Msidhani yaliishia kwenye chapati. Mzee Maganga alipelekwa kituoni, akaandika maelezo, akakaa kwenye benchi kutwa nzima na kofia ya marehemu mkononi, akinitazama nikiikagua ile bunduki tena na tena: kufungua, kuchungulia, kidole. Kukutwa na bunduki bila leseni ni kosa kubwa, na mtu wa umri wake asingetoka gerezani akiwa hai. Familia nayo ilikuwa na la kujibu. Nilipanda ngazi za ofisi kadhaa nikieleza jambo moja hilohilo, na kila niliyemweleza kwanza alikasirika, kisha akauliza mtani wa kabila gani. Mwishowe wakaonywa vikali, wote, na Mzee Maganga akaachiwa arudi dukani kwake. Nilimsindikiza hadi nje. Sikumbuki siku nyingine kazini niliyotoka nikiwa mwepesi vile.

Tangu hapo nilibadili utaratibu. Mwenye leseni akifariki, kabla ya mazishi nilimtafuta mtani kwanza, hata kabla ya mrithi. Nilimwambia: chukua kofia, chukua kigoda, chukua hata mbuzi, bunduki niachie mimi. Watani walinielewa haraka kuliko maofisa.

Sisi wa ile kozi tuna kundi letu la WhatsApp, basi niliwasimulia. Mjapani akauliza kama mtani naye ana leseni. Mswisi akauliza yale maji yalikuwa na dawa gani. Mmarekani akaandika kesho yake: kwetu, yule mzee angekuwa maiti kabla hujashuka garini, na yule kijana wako asingelala usingizi tena maisha yake yote. Akaongeza kwamba sasa amejua nani anaileta.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, amueni wenyewe. Mimi napenda sheria yetu iwe kali, na ningependa ibaki kali, maana kila bunduki niliyoifungia ghalani ni bunduki moja ambayo Furaha hahitaji kuiwaza anaposogelea mlango wa mtu. Ile shikamoo iliwezekana kwa sababu kijana bado aliweza kuamini kwamba mzee mwenye bunduki sokoni huenda ni mzee tu. Kwa rafiki yangu mwenye masharubu nafasi hiyo iliisha siku nyingi, na si kwa sababu watu wa kwao ni wabaya. Wala msinielewe vibaya, majambazi tunao. Nimesafisha bunduki zilizonyang'anywa mikononi mwao zikiwa bado na damu, na hao huwaamkii. Ila msizifikirie nchi kama timu za mpira. Ulizeni watu wake wanaogopana kiasi gani, na bunduki ikipotea ni nani anayejua ilikokwenda.

Mwezi uliopita alifariki jirani yangu Mgogo hapa Ipagala, na Mzee Maganga akaja kufanya kazi yake ya utani, kazeeka, anatembelea fimbo, lakini ulimi ni uleule. Aliwachekesha watu mpaka mchungaji akaficha uso. Baadaye akaingia jikoni akatoka na sufuria kubwa lenye mfuniko, anaondoka nalo. Alipofika kwenye kiti changu akasimama. Akafunua mfuniko, akachungulia, akaingiza kidole akazungusha mpaka chini, halafu akaliinamisha mbele yangu.

"Tupu, Afande," akasema.

Nikachungulia. "Haya," nikamwambia, "nenda nalo."